Krimu Mbili za Ukutani

Rangi mbili za krimu zinazokaribiana huanza zote na kopo la rangi nyeupe yenye titani dioksidi, na kinachozitenganisha ni oksidi ya chuma inayotiwa humo kwa kiasi kidogo. Ile yenye goethaiti, ambayo ni oksidi ya njano, huelekea unjano, ilhali iliyoongezewa hematiti, ambayo ndiyo inayoupa wekundu udongo wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki, huelekea pichi. Kwenye kadi ya dukani tofauti hiyo haionekani kwa urahisi, lakini ukuta mzima huidhihirisha, kwa sababu kuta zinazotazamana hurudishiana mwanga na kila rudio huikoleza rangi.

Uamuzi hutegemea zaidi mwanga wa chumba, ambao rangi yake hupimwa kwa kelvini. Taa ya kelvini 6500, yenye mwanga mweupe unaoelekea buluu, huipunguzia krimu ya njano uchangamfu na huweza kuifanya ionekane ya kijanikijani, hasa pale ambapo mwembe ulio nje ya dirisha hupitisha mwanga wa majani yake mchana kutwa. Katika sebule ya namna hiyo krimu ya pichi inafaa zaidi. Hata hivyo, sakafu ya sementi nyekundu hurusha wekundu kwenye sehemu ya chini ya ukuta, na hapo pichi hugeuka waridi, jambo linaloipa krimu ya njano nafasi yake. Vivyo hivyo chini ya balbu za kelvini 2700, ambazo mwanga wake tayari ni wa manjano mazito, pichi huweza kuzidi kiasi.

Ushauri wa vitabu vya Ulaya, kwamba chumba kinachotazama kaskazini hakipati jua, haufai kwa Nairobi wala Dar es Salaam, ambako jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba.

Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alieleza mwaka 1839 jinsi rangi inavyobadilika machoni kutokana na jirani yake, na ndiyo sababu krimu inayojaribiwa juu ya ukuta wa zamani wa buluu huonekana ya machungwa kuliko ilivyo. Sampuli zipakwe mikono miwili kwenye vipande vikubwa vya kadibodi nyeupe, ziachwe zikauke kabisa, kwani rangi ya maji hubadilika inapokauka, kisha zisimamishwe ukutani, si kulazwa mezani, na zitazamwe asubuhi, alasiri na usiku taa zikiwaka.