Nukta ya Ufipa: jina letu katika maandishi ya Kihindi

Ukijaribu kuandika "Ufipa", jina la kwetu upande wa Sumbawanga, Tanzania, kwa maandishi ya Kihindi, utakwama kwenye herufi ya pili. U ipo, उ. P ipo, प. F ndiyo haikuwamo katika herufi za asili za Devanagari, yaani maandishi hayo ya Kihindi. Iliyo karibu nayo ni फ, nayo ni p ya kutamkwa kwa pumzi. Watu wa Mombasa, wanaotenganisha paa la nyumba na p'aa wa porini, wataielewa upesi kuliko sisi wa Sumbawanga. Sauti ya f iliingia Kihindi pamoja na maneno ya Kiajemi na Kiarabu, yakiwemo yaliyofika hata kwetu: safari, faida. Waandishi hawakubuni herufi mpya. Walitia kitone chini ya ile ya zamani, ikawa फ़, na kitone chenyewe wanakiita nukta, kama sisi.

Basi jina letu ni उफ़ीपा. I nimeiandika ndefu kwa makusudi, maana ndipo mkazo unapoangukia.

Kwa kalamu, kazi imekwisha. Kompyuta ina shida yake, kwa kuwa haitunzi umbo la herufi bali namba. Unicode, orodha inayozipa herufi za dunia namba, ilipotoka mwaka 1991 iliipanga Devanagari kwa kufuata kiwango cha India kiitwacho ISCII. फ ikawa U+092B na nukta ikawa U+093C. Ukiziandika kwa kufuatana, unapata f yako. Lakini humohumo zimo herufi 8 zenye nukta ambazo kila moja ina namba yake, U+0958 hadi U+095F, na f yetu ni U+095E. Kwa hiyo Ufipa ileile yaweza kuwa na namba 5 au 6, na katika UTF-8, mfumo unaotumika zaidi kwenye intaneti, ni baiti 15 au 18. Kwa macho huoni tofauti yoyote. Ukitafuta jina hilo kwa programu inayolinganisha namba tu, itakuambia halipo, na huku unaliona mbele yako.

Kanuni za Unicode zinasema maandishi hayo mawili ni kitu kimoja, na programu nzuri huyasawazisha kabla ya kuyalinganisha. Hapa pana jambo linalowashangaza hata mafundi. Kwa é ya Kifaransa, usawazishaji uliozoeleka huunganisha e na alama yake kuwa namba moja. Kwa f ya Kihindi hufanya kinyume: U+095E huvunjwa ikawa herufi na nukta, wala hairudishwi. Mbona basi isifutwe? Kwa sababu Unicode haiondoi herufi iliyokwisha kuingizwa, nyaraka za zamani zisije zikaharibika. Kwangu mimi huo ni uamuzi sahihi, hata kama umetuachia namba ambayo kanuni zenyewe zinaikwepa. Ukiandika, andika फ kisha nukta.

Wako Wahindi wanaoiacha nukta kabisa, na msomaji anajaza mwenyewe.

Hapa Leicester, Uingereza, ambako Wahindi wengi walifika kutoka Uganda baada ya Idi Amin kuwafukuza mwaka 1972, maandishi ya India utakayokutana nayo zaidi ni ya Kigujarati. Hao ni ndugu wa wenye maduka tuliowazoea Afrika Mashariki, na kwao Ufipa haina shida: ફ yao inabeba ph na f pia. Walihitaji nukta kwa jambo jingine. Khoja Ismailia, jamaa za wale wa Dar es Salaam na Zanzibar, walikuwa wakiandika Kiarabu kwa herufi za Kigujarati, na alama walizotumia hazikuwa na namba hadi Unicode 10.0, mwaka 2017. Zikaingizwa 6, U+0AFA hadi U+0AFF: sukuni, shada, mada, na aina tatu za nukta ambazo, tofauti na ile ya Ufipa, hukaa juu ya herufi.