Shahada ya Familia na Mlaji: Ipigie Hesabu Kabla ya Kuomba

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kila mzazi huuliza swali lile lile: kozi ipi ina ajira? Shahada ya familia na mlaji hutajwa mara chache, na ikitajwa watu huipuuza kuwa ni ya kupika na kushona. Wanaikosea. Lakini kuitetea hakutoshi. Anayetaka kuilipia anastahili kuiona ikiwa kando ya kozi zinazoshindana nayo. Hapa tunailinganisha na Lishe ya Binadamu na Uchumi.

Unachonunua

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kinafundisha masomo ya familia na mlaji na pia lishe. Kozi zote mbili zina asili katika sayansi kimu. Ya kwanza ni pana: bajeti ya kaya, matumizi ya rasilimali za nyumbani, malezi, chakula, mavazi na haki za mlaji. Lishe ni nyembamba lakini inachimba zaidi, hasa mwili na maradhi. Uchumi, unaofundishwa Dar es Salaam, Mzumbe na kwingineko, unatazama masoko na taifa zima, na bila hisabati imara utateseka. Aliyesoma tahasusi ya CBG au CBN ataziona kozi mbili za kwanza zikimkaribia zaidi; wa EGM yuko nyumbani kwenye uchumi.

Gharama halisi

Wengi hulinganisha ada peke yake. Ada ni sehemu tu ya bei. Ongeza chumba, chakula, nauli na fedha za mafunzo kwa vitendo. Bumu, yaani fedha za mkopo wa mwanafunzi kwa chakula na malazi, lililopandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka 2022, halibadiliki kwa kufuata mji. Shilingi hiyo hiyo hubana zaidi Dar es Salaam kuliko Morogoro, ambako mwanafunzi anaweza kupanga mtaani karibu na chuo bila kupanda daladala mbili kila asubuhi.

Kisha fikiria deni. Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tuseme mhitimu analipwa 800,000: kila mwezi zinaondoka 120,000. Deni la milioni 9 litamalizika baada ya miezi 75. Likiwa milioni 12, kwa sababu ya ada kubwa au mwaka mmoja wa ziada, litafika miezi 100. Tofauti ni zaidi ya miaka miwili ya makato, na mshahara ni ule ule.

Nani atakulipa?

Hapa ndipo kozi hizi zinapoachana. Mhitimu wa lishe ana cheo kinachojulikana serikalini: afisa lishe wa halmashauri. Mhitimu wa uchumi anajulikana kwa kila mwajiri, ila anashindana na umati. Mhitimu wa familia na mlaji hana cheo kimoja kinachomsubiri. Anaweza kufaa katika maendeleo ya jamii, miradi ya mashirika, taasisi za fedha au taasisi za kumlinda mlaji, lakini tangazo la ajira hutaja shahada kwa majina. Jina la shahada yako lisipokuwemo, ujuzi wako hautafika hata kwenye usaili.

Nchi inawahitaji wataalamu hawa, hilo halina ubishi. Akina mama wanapoteza vyombo vya ndani kwa mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu. Vijana wanakopa kwenye programu za simu bila kusoma masharti, hadi Benki Kuu ikalazimika mwaka 2024 kutangaza majukwaa yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Kazi ipo tele. Mshahara wa kuifanya ndio haujapangiwa fungu kila mahali.

Uamuzi wetu

Ukitaka njia iliyonyooka ya kuingia serikalini na unaipenda sayansi, chagua lishe. Ukiwa na hisabati nzuri, na upo tayari kushindana, chagua uchumi. Chagua familia na mlaji ikiwa unataka kufanya kazi na kaya zenyewe, na uko tayari kujiongezea ujuzi wa hesabu za fedha, takwimu au biashara ukiwa bado chuoni. Kwa kijana wa namna hiyo, upana wa kozi ni mtaji. Kwa anayesubiri kupangiwa kituo, upana huo huo utamchelewesha.

Kabla ya kuthibitisha udahili, fanya mambo matatu. Hakikisha programu imo kwenye mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wa mwaka huo. Fungua matangazo ya Sekretarieti ya Ajira ya miezi ya karibuni, uone ni mangapi yanaitaja shahada hiyo. Mwisho, waulize wahitimu wa miaka mitatu iliyopita wanafanya nini sasa. Majibu yakikuridhisha, omba bila kusita. Yasipokuridhisha, badilisha chaguo mapema, kabla fedha za mzazi hazijaingia benki.