Ndege ya bei nafuu ikifika mpakani

Kwa ndege, Mombasa hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 400. Mombasa hadi Zanzibar hazifiki 260. Watu wa pande hizi wameoana na kuzikana tangu enzi za majahazi, na hata leo si ajabu kumkuta mtu wa Kibokoni ambaye shangazi yake yuko Mji Mkongwe na binamu zake wametawanyika Wete na Mkoani. Lakini kwa miaka mingi, asiye na hela nyingi aliyetaka kwenda kuhani msiba Unguja alipanda basi, akavuka mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro, akapita Tanga, akafika Dar es Salaam kiuno kikimuuma, kisha akatafuta boti. Mwenye uwezo mara nyingi alipanda ndege kwenda Nairobi, yaani akaipa Zanzibar mgongo, ndipo akageuza.

Julai 2024 kampuni ya Jambojet ikaanza kuruka moja kwa moja kati ya Mombasa na Zanzibar. Ukitazama ramani utashangaa kwamba kampuni iliyoanza kazi Aprili 2014 ilichukua muongo mzima kuifikia njia hiyo. Ukitazama tiketi, mshangao unapungua.

Jambojet ni mtoto wa Kenya Airways. Ilizaliwa kubeba watu wa basi: Mombasa, Kisumu, Eldoret, baadaye Ukunda, Malindi na Lamu. Ilianza na Boeing 737 za mama yake, kisha ikahamia kwenye ndege za panga boi aina ya Dash 8-400, zile ambazo Watanzania huziita Bombardier, zenye viti 78. Biashara ya namna hii haina uchawi. Unatumia aina moja ya ndege ili marubani na mafundi wasifundishwe mara mbili. Begi kubwa, kiti cha dirishani na chakula, kila kimoja na bei yake. Juu ya yote, ndege haikai chini, maana iliyoegeshwa haiingizi senti huku kodi yake ikiendelea kuhesabika kwa dola.

Sasa ivushe mpaka uone.

Abiria wa safari za ndani anayeondoka uwanja wa Kenya hutozwa shilingi 600 za huduma. Akienda nje ya nchi, tozo hiyo inageuka kuwa dola 50, zaidi ya shilingi 6,400 kwa thamani ya siku hizi. Haijalishi anakwenda Zanzibar au Guangzhou. Jambojet ilipoanza, nauli yake ya chini kabisa ilitangazwa kuwa shilingi 2,850. Hata kampuni ikiamua leo kumbeba abiria bure kutoka Mombasa, atakuwa amelipa zaidi ya mara mbili ya nauli ile kabla hajafunga mkanda. Na Zanzibar nako kuna tozo zao zinamngoja wakati wa kurudi.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Tozo hii ilipangwa kwa kumfikiria msafiri wa Ulaya au Asia, ambaye kwenye tiketi ya mamia ya dola, hizo hamsini hazimsumbui. Kwa mtu wa safari isiyofika saa moja, ni kama kulipia mlango kwa bei ya nyumba. Serikali zetu huzungumza sana kuhusu undugu wa Afrika Mashariki, ila kwenye dirisha la tiketi ndugu anahesabiwa mgeni wa mbali.

Kuna na karatasi. Mkenya anaweza kuingia Uganda au Rwanda kwa kitambulisho chake cha taifa. Kwa Tanzania anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na juu yake kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mteja ambaye kampuni ya bei nafuu inamtafuta ni yule ambaye hakuwa na mpango wa kupanda ndege, akaona nauli kwenye simu, akalipa kwa M-Pesa. Mara nyingi mtu huyo hana pasipoti. Anayo mwenzake wa hoteli na makongamano, na huyo tayari ana mazoea na kampuni kubwa.

Ndiyo maana sikushangaa safari za kwanza za Jambojet nje ya nchi ziliposhindwa kushika mizizi. Ilikwenda Entebbe mwaka 2018, ikaongeza Kigali mwishoni mwa 2019, halafu janga la korona likafunga anga. Lakini hata bila korona njia zile zilikuwa na utata: kutoka Nairobi, mtoto alikuwa akipigania abiria walewale na mama yake, na pembeni wako RwandAir na Uganda Airlines iliyofufuliwa Agosti 2019.

Goma ilikuwa hesabu nyingine, na kwangu ndiyo iliyoonyesha akili zaidi. Septemba 2021 Jambojet ilianza kuruka kutoka Nairobi hadi mji huo wa Kivu, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni. Kabla ya hapo, wengi waliruka hadi Kigali, wakapanda gari hadi Rubavu, wakavuka mpaka kwa miguu. Kulikuwa na wafanyabiashara, watu wa mashirika ya misaada na familia zilizogawanyika, wote wakitafuta njia fupi. Januari 2025 waasi wa M23 wakauteka mji na uwanja wa ndege ukafungwa. Hakuna meneja wa nauli anayeweza kuliweka jambo kama hilo kwenye mahesabu yake.

Wanaoitaka kampuni ya bei nafuu ijitanue haraka waikumbuke fastjet. Ilianza Dar es Salaam Novemba 2012 kwa Airbus A319 na nauli za kuanzia shilingi 32,000 za Tanzania bila kodi, na watu wa Mwanza waliokuwa hawajawahi kuona ndege kwa ndani wakaijaza. Oktoba 2013 ikafika Johannesburg. Zikafuata Lusaka, Harare na Entebbe. Nairobi, mji wa jirani, ilifunguka Januari 2016 tu, baada ya miaka ya kungoja vibali. Kufikia wakati huo shilingi ya Tanzania ilikuwa imeshuka, mafuta na kodi za ndege zikilipwa kwa dola, na Air Tanzania ikawa inafufuliwa kwa fedha za serikali. Kampuni ikapunguza safari, ikabadilisha Airbus kwa Embraer ndogo zaidi, na Desemba 2018 ikaacha kuruka Tanzania.

Vibali navyo havijaacha kuwa silaha. Januari 2024 Tanzania ilitangaza kuzuia safari za abiria za Kenya Airways kutoka Nairobi, ikijibu kunyimwa kibali kwa ndege ya mizigo ya Air Tanzania. Mambo yalimalizwa kwa mazungumzo ndani ya siku chache. Kampuni kubwa huweza kuhamishia ndege yake kwingine siku mbili tatu, lakini yenye kundi dogo la panga boi, na abiria waliolipa nauli ya chini wakidai fedha zao, itaumia vibaya.

Kwa hiyo, Jambojet ikiniuliza, nisingeipeleka mji mkuu wowote. Ningeiacha Nairobi kwa mama, niangalie miji ambayo watu wake tayari wanakwenda na kurudi kwa taabu. Kisumu hadi Entebbe kwa anga ni chini ya kilomita 300, na kitambulisho kinatosha. Kisumu hadi Mwanza nako si mbali, ingawa basi huzunguka kupitia Isebania na Sirari. Njia hizo ndege ya viti 78 inaziweza. Kikubwa kinachobaki ni dola 50, na hizo hazimo mikononi mwa Jambojet. Bunge la Kenya ndilo lenye uwezo wa kutenga kiwango cha safari fupi za ndani ya Jumuiya, na Dodoma na Kampala zinaweza kufanya vivyo hivyo kwa abiria wanaorudi.