Kutoka Umbo la RNA hadi Tumaini la Wagonjwa wa Seli Mundu

Wengi wetu tumepata kumwona mtoto wa seli mundu akilia kwa maumivu ya viungo, ilhali wazazi wake wameketi kando ya kitanda wasijue la kufanya. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambamo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huu. Ndiyo maana utafiti wa Profesa Jennifer Doudna wa Marekani unatuhusu, ingawa haukuanzia hospitalini.

Doudna alizaliwa mwaka 1964, akakulia Hilo, Hawaii. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1989, kisha akaendelea na utafiti Colorado kwa Profesa Thomas Cech. Shabaha yake ilikuwa RNA.

RNA ni nini? Tufikirie rejesta ya ubatizo: haitoki ofisini mwa parokia, bali hunakiliwa, na muumini huchukua cheti. DNA ni kama rejesta hiyo. RNA ni nakala inayokwenda kufanya kazi ndani ya seli. Hata hivyo, RNA nyingine si nakala tu. Hujikunja, zikapata umbo maalumu, na umbo hilo huziwezesha kufanya kazi kama vimeng'enya. Mwaka 1996, akiwa Chuo Kikuu cha Yale, Doudna na wenzake walionesha kwa mionzi ya eksirei umbo la sehemu kubwa ya RNA ya aina hiyo. Mwaka 2000 alitunukiwa Tuzo ya Alan T. Waterman.

Mwaka 2011 alikutana na Emmanuelle Charpentier wa Ufaransa, aliyekuwa akichunguza jinsi bakteria wanavyojikinga na virusi. Bakteria hutumia RNA kuiongoza protini iitwayo Cas9 hadi kwenye DNA ya adui, ikaikata. Mwaka 2012 wanasayansi hao walionesha kwamba RNA hiyo ya kuongoza inaweza kutengenezwa kwa makusudi, ili Cas9 ikate mahali panapochaguliwa. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020.

Mwishoni mwa mwaka 2023, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kwanza ya seli mundu inayotumia mbinu hii. Seli za uboho zinazozalisha damu hutolewa mwilini, jeni zake hurekebishwa, kisha mgonjwa hurudishiwa baada ya kupewa dawa kali.

Lakini kisu kinachoponya chaweza pia kujeruhi. Mwaka 2015 Doudna na wanasayansi wenzake walisihi kwamba viinitete vya binadamu visibadilishwe jeni kwa ajili ya kuzaa watoto. Mwaka 2018 mtafiti mmoja nchini China alitangaza kuwa tayari amefanya hivyo, na baadaye alifungwa gerezani.

Kanisa lilikuwa limekwisha kulitafakari jambo hili. Hati ya Dignitas Personae ya mwaka 2008 inafundisha kuwa kutibu seli za mwili wa mgonjwa mwenyewe ni halali kimsingi, mradi usalama na ridhaa yake vizingatiwe. Kubadilisha jeni zitakazorithiwa, kwa hali ya sayansi ilivyo, hakukubaliki, kwa sababu madhara yake yaweza kupita kwa watoto wasio na sauti.

Liko pia swali la haki. Nchini Marekani tiba hiyo ilitangazwa kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Familia ya mkulima itaipata lini? Tunapoendelea kuomba na kudai kwamba matunda ya elimu yawafikie maskini, tusiwaache watoto wetu wakingoje. Kupimwa mapema, penisilini kwa watoto wadogo na dawa ya haidroksiyurea tayari vinaokoa maisha. Mzazi mwenye shaka ampeleke mtoto wake kupimwa, na sisi majirani tumsaidie nauli.