Mwanafunzi Mkimya na Hofu ya Hadhira

Utangulizi
Katika utungaji umejifunza kuandika risala. Mtihani hupima uandishi wake, lakini siku ya mahafali lazima mmoja wenu asimame mbele ya mgeni rasmi, walimu na wazazi aisome. Mara nyingi aliyeiandika vizuri ni mwanafunzi mkimya, naye humwachia mwenzake jukwaa. Je, ukimya ni kikwazo?

1. Tofauti ya ukimya na hofu
Ukimya ni tabia. Mtu mkimya hupenda kufikiri kabla ya kusema na huchoshwa na makundi makubwa. Hofu ya hadhira ni hali ya kuogopa kuhukumiwa na wanaokusikiliza. Wapo wacheshi wa darasa wanaotetemeka jukwaani, na wapo wakimya wanaozungumza bila wasiwasi. Kwa hiyo usijaribu kubadili tabia yako. Jifunze kuidhibiti hofu.

2. Kinachotokea mwilini
Ubongo unapohisi hatari, tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni ya adrenalini. Moyo huenda mbio, kinywa hukauka na viganja hutoka jasho. Dalili hizi si ishara ya kushindwa. Mwili unajiandaa kwa kazi. Kwa kawaida huwa kali zaidi mwanzoni, kisha hupungua.

3. Mfano kutoka historia
Mohandas Gandhi alipokuwa wakili kijana mjini Bombay, alisimama katika kesi yake ya kwanza kuhoji mashahidi, akakosa la kuuliza. Aliketi, kesi ikaenda kwa wakili mwingine. Mwaka 1893, mjini Pretoria, Afrika Kusini, aliwahutubia Wahindi wenzake kuhusu ukweli katika biashara. Safari hii aliweza. Tabia yake ya ukimya haikuwa imebadilika, ila alikuwa ameiandaa mada yake na alikuwa na jambo la kuwaambia.

4. Hatua za kufuata
(a) Kumbuka unasema kwa niaba ya nani. Risala ni sauti ya wahitimu wote. Ukiwaza uhaba wa vitabu au maabara unaouwasilisha, utapunguza kujiwaza mwenyewe.
(b) Kariri salamu na sentensi mbili za kwanza, kwa kuwa hapo ndipo hofu huwa kali.
(c) Fanya mazoezi kwa sauti: kwanza peke yako, kisha mbele ya rafiki mmoja, kisha watu watano, kisha darasa zima.
(d) Andika kwa herufi kubwa, weka alama mahali pa kutua, na shika karatasi juu ya jalada gumu ili isitikisike.
(e) Ukikosea, rudia neno hilo na uendelee. Wasikilizaji hawana nakala yako.

Hitimisho
Hofu haiishi yote, na si lazima iishe. Inatosha ipungue kiasi cha kukuwezesha kufikisha ujumbe uliotumwa.

Zoezi
1. Eleza tofauti mbili kati ya ukimya na hofu ya hadhira.
2. Kwa nini Gandhi alishindwa Bombay lakini akaweza Pretoria? Toa hoja mbili.
3. Andika salamu na sentensi mbili za kwanza za risala ya mahafali yenu, kisha mwambie mwenzako bila kutazama karatasi.