Kasoro ya Mishipa ya Damu Ndani ya Kongosho

Kwa kawaida, damu ya ateri hupita katika kapilari, ambamo shinikizo lake hupungua, ndipo iingie katika vena. Katika kasoro hii adimu, ambayo aghalabu mtu huzaliwa nayo, ateri za kongosho huungana na vena moja kwa moja. Hivyo shinikizo katika vena iendayo kwenye ini huweza kupanda.

Mgonjwa huweza kuumwa tumbo, kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami. Wengine hawana dalili yoyote.

Kwa kuwa dalili hizi hufanana na za vidonda vya tumbo, anayetokwa na damu mara kwa mara bila endoskopi kuonesha chanzo apimwe kwa altrasaundi ya dopla na sitiskani yenye dawa ya kung'arisha mishipa.

Tiba ya uhakika zaidi ni upasuaji wa kuondoa sehemu yenye kasoro, hasa kabla shinikizo halijapanda. Kuziba ateri kwa kupitisha mrija mwembamba husimamisha damu, lakini tatizo huweza kurudi, kwani ateri zinazolisha kasoro huwa nyingi. Asiye na dalili huweza kufuatiliwa tu kwa vipimo.

Choo cheusi kama lami ni dharura: mgonjwa awahishwe hospitali.