Ugomvi wa Wahafidhina wa Marekani si wa Jana

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, mhafidhina wa Marekani ni mtu anayejulikana: hapendi kodi, hataki kusikia habari ya utoaji mimba, ana bunduki nyumbani na kura yake ni ya Donald Trump. Ndiyo maana inashangaza kuwaona watu wa kambi hiyo wakirushiana maneno makali kuliko yale wanayowarushia Democrats. Kama wote ni wamoja, wanagombania nini?

Hawakuwahi kuwa wamoja. William F. Buckley alipoanzisha jarida la National Review mwaka 1955, alikusanya watu ambao kwa kawaida wasingekaa meza moja. Walikuwepo watetezi wa soko huria, waliotaka serikali ikae mbali na mfuko wa mtu. Walikuwepo wanamapokeo wa mkondo wa Russell Kirk, waliohofu kwamba tamaa ya faida ikiachiwa itabomoa familia na kanisa. Na walikuwepo wakomunisti wa zamani, ambao sasa hawakuwa na adui mkubwa kuliko Moscow.

Aliyejitwika kazi ya kuwapatanisha ni Frank Meyer, mmoja wa hao wakomunisti wa zamani. Aliishi Woodstock, katika jimbo la New York, akilala mchana na kukesha usiku, simu sikioni, akibishana na waandishi wenzake. Hoja yake, aliyoitolea kitabu mwaka 1962, ilikuwa hii: wema wa kulazimishwa na polisi si wema. Mtu sharti awe huru kuchagua, lakini uhuru usio na maadili ya kurithi huoza. Kwa hiyo mpenda soko na mpenda mapokeo wanahitajiana, na wote wawili wana sababu ya kuibana serikali.

Kirk hakuridhika. Friedrich Hayek, ambaye wapenda soko walimwona kama mwalimu wao, alikuwa ameshachapisha mwaka 1960 insha nzima ya kueleza kwa nini yeye si mhafidhina. Kwa maoni yangu, hoja ya Meyer haikusimama kwa miguu yake yenyewe. Iliegemea hofu ya Umoja wa Kisovyeti. Mfanyabiashara aliuona mnyang'anyi wa mali, mchungaji aliuona mkana Mungu, jenerali aliona makombora. Ronald Reagan aliingia Ikulu mwaka 1981 akibebwa na wote watatu.

Umoja huo ukasambaratika mwaka 1991, na haikupita hata miezi michache ugomvi wa zamani ukatoka hadharani. Pat Buchanan, aliyewahi kufanya kazi Ikulu chini ya Nixon na Reagan, alimkabili rais wa chama chake mwenyewe cha Republican, George H. W. Bush, katika kura za mchujo za mwaka 1992. Alitaka viwanda vilindwe, wahamiaji wazuiwe, na Marekani iache kujiingiza katika vita vya watu. Kule New Hampshire alipata zaidi ya theluthi moja ya kura. Alishindwa, lakini asomaye hotuba zake leo atakuta ajenda ya Trump karibu yote, miaka 24 kabla ya wakati wake. Wanaosema Trump alikiteka chama kutoka nje wanamsahau Buchanan.

Mpasuko unaosumbua zaidi sasa, hata hivyo, si wa biashara wala wa vita. Mwaka 2019 mwandishi Sohrab Ahmari aliona tangazo la maktaba moja ya Sacramento, California: wanaume waliovaa kike wangewasomea watoto hadithi. Hasira yake hakuielekeza kwa maktaba tu, bali kwa mhafidhina mwenzake, David French, mwanasheria mlokole aliyetumia miaka mingi kutetea uhuru wa dini mahakamani. French alishikilia kwamba sheria inayompa mchungaji haki ya kutumia ukumbi wa umma haiwezi kuwafungia mlango wengine kwa sababu ya maoni yao. Ahmari alimwona mpole mno kwa vita iliyopo: wahafidhina waishike dola, waitumie kujenga jamii yenye maadili wanayoyaamini.

Hapo ndipo kiini kilipo. Meyer aliiogopa dola hata ikiwa mikononi mwa rafiki, ilhali kizazi cha Ahmari kinaitaka. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini mhafidhina mmoja anashangilia rais anapoviadhibu vyuo vikuu na kupandisha ushuru wa forodha, na mwingine, mwenye imani ileile kanisani, anaona huo ni usaliti.

Ugomvi huu umetufikia hata sisi. Januari 2003, George W. Bush, aliyejinadi kwa uhafidhina wenye huruma, aliomba dola bilioni 15 kwa miaka mitano kupambana na UKIMWI. Ndipo ulipozaliwa mpango wa PEPFAR, na Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zilikuwa miongoni mwa nchi zake za mwanzo. Walokole wengi wa Marekani waliuunga mkono kama kazi ya Mungu. Miaka 20 baadaye wanaharakati wa kupinga utoaji mimba, nao wahafidhina, walidai fedha zake zinawafikia wanaoutetea. Idhini nyingine ya miaka mitano ikakwama, na Machi 2024 Congress ikaongeza mwaka mmoja tu. Januari 2025 likaja kundi la tatu, la Trump na Marekani Kwanza, likasimamisha misaada ya nje karibu yote, na kliniki zikabaki zikijiuliza kama dawa za kufubaza virusi zitafika.

Juni mwaka huohuo Ikulu iliomba Congress ifute dola milioni 400 za PEPFAR. Maseneta kadhaa wa Republican walikataa, na kipengele hicho kikaondolewa. Kisha chama hichohicho kikapitisha muswada uliobaki, uliofuta karibu dola bilioni 9, sehemu kubwa ikiwa ni misaada mingine ya nje.